Nilionya juu ya moshi wa maganda ya korosho, wakasema nimelaani

Admin, jina langu lifiche, maana ukoo wetu wote unausoma ukurasa huu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa, mwalimu mstaafu wa kilimo, nipo Nkowe, Ruangwa. Naishi kiwanja kimoja na dada yangu na mtoto wake wa kiume, nimwite Shaibu, mtu mzima mwenye mke na kichanga.

Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na upepo mkali, na mbuzi wa Shaibu walikuwa wamezaa. Akachukua maturubai ya kuanikia korosho, akaziba banda lote kuanzia chini hadi kwenye bati, kisha akaweka ndani karai la maganda ya korosho yanayowaka. Kila aliyewahi kuchoma korosho anajua moshi ule unavyokata macho na koo.

Nilimwendea kwa utaratibu. Nikamweleza kwamba kinachomuumiza mbuzi ni unyevu na upepo unaompiga ubavuni. Ziba chini, upande upepo unakotoka. Juu ya vichwa vyao acha wazi, hewa chafu itoke. Tandaza majani makavu, yakilowa badilisha. Vitoto vilale na mama zao, vitapata joto. Moto usiuingize kabisa. "Ukiendelea hivi watakufa," nikamalizia.

Akacheka mbele ya mkewe. "Mjomba, darasa lilishafungwa! Wewe unalala na sweta, halafu mbuzi wangu wagande?"

"Sweta halitoi moshi, Shaibu."

"Basi kawavalishe!"

Asubuhi vitoto vyote vilikuwa vimekufa, povu mdomoni, mama zao wanakohoa. Nikadhani sasa ataelewa. Badala yake dada yangu alikuja barazani kwangu, kidole puani pangu. "Ulisema watakufa, wamekufa! Kaka, kinywa chako kimekula mali ya mwanangu."

Wasomaji wa mbali niwaeleweshe. Kwetu mjomba ana uzito mkubwa kwa watoto wa dada yake, na neno lake la hasira huhesabiwa laana. Kwa hiyo moshi umeachiwa huru, nimefungwa mimi. Salamu zimekatika. Nikipita, mke wa Shaibu anamfunika mtoto uso kwa khanga.

Nimewachukia, sifichi. Ingekuwa ni mbuzi tu, ningekaa kimya wakauguze ujinga wao.

Lakini jana Shaibu aliwahamishia mbuzi waliobaki kwenye chumba cha uani, eti nisiwafikie tena. Chumba hicho kinapakana na kile wanacholala na kichanga, na ukuta wa katikati haujafika kwenye bati. Karai limeingia humo pia. Jioni niliona moshi ukitokea dirishani kwa mtoto.

Nilimwomba jirani akaseme kwa niaba yangu. Shaibu akamjibu, "Mwambie mchawi aliyekutuma, mwanangu hampati." Dada yangu naye amefunga mlango.

Nikitamka kwamba mtoto atadhurika, nimemlaani mtoto, na likitokea lolote muuaji ni mimi. Nikinyamaza, moshi haumsubiri mtu.

Leo magharibi karai linawashwa tena. Ndugu zangu, nipeni shauri mapema: niseme neno gani lisilogeuzwa laana, au niingie nikalimwage, liwalo na liwe?