Meno Yalibaki Gatini, Wimbo Ukabaki Kifuani

Alasiri imeswaliwa Likombe. Thabiti Nandonde amesimama katikati ya mikorosho yake, mgongo kaupa njia ili wapitao wasimwone uso. Anainua tarumbeta. Haliweki katikati ya midomo kama wapigaji wengine. Analisogeza pembeni, upande wa kushoto, ambako meno yake bado yapo. Anavuta pumzi. Inatoka sauti nene yenye kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka na mafua. Mbuzi wa jirani wanainua vichwa.

"Hiyo imekubali," anasema, akijifuta mdomo kwa kiganja. "Nyingine bado zinanionea haya."

Kwa mgeni wa Mtwara, Thabiti ni mfanyakazi wa gatini tu, yule anayempa ishara mwendesha winchi mizigo inapopandishwa melini. Mshahara wake wa shilingi tisini kwa mwezi unaishia kwenye unga, mafuta ya taa na ada ya binti yake, Hamisa. Lakini waliocheza dansi hapa miaka michache iliyopita hawajamsahau. Wanamkumbuka mbele ya bendi ya Shangani Jazz, shati limelowa jasho, ukumbi mzima umetulia ukingoja avute pumzi.

Tarumbeta alilikuta jeshini. Alijiunga na Keya, jeshi la Mwingereza, mwaka 1942, akatiwa katika bendi kwa sababu, asemavyo mwenyewe, "nilikuwa na kifua kipana na sikujua kukataa." Akapelekwa Bama, kupigana na Mjapani. Vita vilipokwisha wenzake walirudi na saa na baiskeli. Yeye alirudi na tarumbeta alilonunua Bombay. Mama yake alilitazama, akamwuliza kama linaliwa.

Bandari ilipoanza kujengwa, watu walimiminika kutoka Lindi, Tunduru, hata ng'ambo ya Ruvuma. Mchana ulikuwa vumbi na nyundo, Jumamosi ikawa dansi. Thabiti hakujua kuandika muziki. Alipiga mluzi, wenzake wakashika, na wimbo ukazaliwa hivyo.

Uliopendwa kuliko zote ni "Vuka". Aliutunga kwa ajili ya Mwaisha, binti aliyemwona harusini Kionga, upande wa Mreno. Baba wa binti hakutaka kusikia habari ya mpiga dansi. Thabiti akawa anakwenda Kilambo, anasimama ukingoni mwa mto Ruvuma, anapiga kuelekea ng'ambo.

"Nilikuwa nateka maji," anakumbuka Mwaisha, ambaye sasa anapepeta mchele barazani. "Wenzangu wakacheka, 'Haya, mwenzio anakuita.' Habari ikamfika baba. Akasema, mwambieni huyo avuke mwenyewe aje kuposa, aache kututumia kelele."

Thabiti akavuka.

Mwaka 1954, siku ya manyunyu, kamba ya winchi ilikatika gatini. Ndoano ilirudi kwa nguvu, ikampiga mdomoni. Meno manne ya mbele yakamtoka.

"Watu wanadhani nililia kwa maumivu," anasema. "Nilikuwa nimelala pale chini, nikajaribu kupiga mluzi. Ikatoka hewa tupu. Hapo ndipo nililia."

Fundi mmoja wa meno alimtengenezea ya bandia. Sikukuu ya Idi iliyofuata alipanda jukwaani, akaanza "Vuka". Alipofika kwenye sauti za juu, meno yaliruka, yakaangukia miguuni mwa wachezaji. Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya, lakini walicheka. Thabiti aliyaokota, akashuka, akalifungia tarumbeta sandukuni.

Lilikaa humo karibu miaka miwili. Issa, aliyekuwa msaidizi wake, ndiye akawa mpigaji mkuu.

"Issa anaupiga vizuri ule wimbo," anasema Mwaisha, akitazama ungo wake. "Lakini kwa Issa ni wimbo wa watu wote. Wangu ulikuwa na pumzi ya huyu." Anapepeta mara mbili. "Akilala, namwona anachezesha vidole. Ndotoni anapiga."

Aliyefanya tarumbeta litoke sandukuni ni Issa huyo huyo. Mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha, alikuja nyumbani kuomba msaada: katikati ya "Vuka" pana mahali sauti inavutwa kabla ya kuanguka, naye kila mara inamkwepa.

"Kaka, nionyeshe tu," alisema.

Thabiti alimwimbia. Issa akapiga, akakosea. Akaimba tena, Issa akakosea tena.

"Nilipandwa na hasira," anasimulia Thabiti. "Nikamnyang'anya tarumbeta lake, nikalibandika pembeni mwa mdomo bila kufikiri. Likalia! Sauti moja tu, mbovu. Tukabaki tunatazamana."

"Mimi niliogopa," anasema Issa. "Nilidhani amelia yeye."

Tangu siku hiyo Thabiti amelitoa lake sandukuni, anafanya mazoezi kila atokapo kazini. Sauti za chini zimeanza kumtii. Za juu, zile za "Vuka", hazitarudi, naye anajua.

"Ule ulikuwa wimbo wa kijana mwenye meno yake," anasema, huku vidole vikibonyeza tarumbeta bila kupuliza. "Nautamani kama mtu anavyomtamani ndugu aliyehamia mbali. Lakini siwezi kukaa njiani kumngoja."

Kwa hiyo anatunga mwingine, wa taratibu, unaotosheka na sauti chache alizobaki nazo. Mwaisha amekwisha kuujua. Anaunong'ona akiwa jikoni, kisha anajikatiza akisikia hatua za mumewe. Jina haujapata. Issa ameahidi kumpa nafasi Idi Kubwa, jukwaa lile lile, na Thabiti amekubali.

"Kama kuna wa kucheka, acheke mapema," anasema, akiinua tarumbeta tena. "Nikishaanza, sitakuwa na nafasi ya kumsikia. Nitakuwa namtafuta mke wangu kati ya watu."