Hajatoka Msituni

Siwema alikuwa mhudumu katika zahanati ndogo upande wa Mang'ula. Kwa sababu ya Kiingereza chake cha kidato cha sita, watu walimwita Mwalimu. Daktari mgeni alipokuja kujitolea, kila neno lake lilipitia kinywani mwa Siwema, na jina lile likazidi kumkaa vizuri.

Siku moja mama Margareta wa Kisawasawa alimleta mumewe, mzee Melkiori, mguu umevimba kama gogo. Kifutu kamuuma akipalilia mpunga, alisema. Mzee akapewa dawa ya sumu ya nyoka, akapata usingizi. Kesho yake daktari akampima, akamgeukia mkewe: "He's not out of the woods yet."

Siwema akakwama. Hajatoka msituni? Msitu gani, na mtu yupo kitandani? Angeweza kuuliza. Lakini wodi nzima ilikuwa inamtazama Mwalimu wake. Akaunga maneno ya kwake: "Daktari anasema mambo ya huko msituni bado hayajaisha."

 Siwema hakujua kwamba mzee hakuumwa shambani. Aliumwa ndani ya hifadhi ya msitu, akikata miti ya kujengea. "Wameshajua," mama aliwaza. "Watamfunga." Mchana, wauguzi wakila, akampakia mumewe kwenye bodaboda, wakaondoka.

Daktari alipokuta kitanda kitupu akauliza, "Ulimwambia nini?"

Siwema akamweleza. Daktari akamfafanulia taratibu: alimaanisha hatari haijapita, basi. Habari ya msitu haikuwemo.  Siwema hakungoja kutumwa, akatafuta pikipiki.

Alimkuta mzee nyumbani kwake, anaweweseka, vidole vya mguu vimegeuka vyeusi.

"Shikamoo, mama. Daktari hakusema habari ya msitu. Ni mimi. Sikuelewa, nikaona aibu kuuliza, nikatunga."

"Ukatunga?" mama Margareta akauliza. "Mwanangu, nimemtoa mume wangu kitandani kwa maneno ya kutunga?"

 Siwema akainama, akashika upande mmoja wa mkeka aliolalia mzee, mama akashika wa pili, wakamrudisha zahanati.

Melkiori alipona, ila vidole viwili vilikatwa. Daktari alisema huenda vingekatwa hata kama angebaki wodini. Siwema aliisikia faraja hiyo, lakini haikumwingia.

Siku hizi daktari akitoa neno la fumbo, Siwema humsimamisha mbele ya wagonjwa wote: "Sijaelewa. Sema tena." Wapo wanaocheka pembeni, huyu naye Mwalimu gani. Huwaacha wacheke.

Baada ya mavuno, mama Margareta alikuja zahanati na ndoo ya mchele mpya.

"Pokea, mwanangu. Ulitufuata mpaka nyumbani."

Siwema aliipokea kwa mikono miwili, macho chini.  Ingekuwa nafuu kama yule mama angemtukana.