Nusu Yangu ya Chai

Nikisikia harufu ya chai kwenye kopo la bati, hasa wakati wa joto kali kabla ya mvua, nakumbuka baraza yetu. Kopo la baba lilikuwa kubwa, mtu angeweza kuoga ndani. Kila asubuhi sireni ya kiwanda ililia kiasi cha kuamsha wafu wa mji wetu wa Kambove. Hapo baba aliruka, akaniachia nusu ya chai, sukari yote imelala chini. Nusu hiyo ilikuwa yangu.

Kisha ukaja msimu mmoja wa joto, baba akawa anakaa tu. Nilifurahi: baba mzima, nyumbani, mchana kutwa!

Sireni ikalia.

“Papa, simama! Utachelewa!”

“Acha ilie, mutoto. Miye niko mu konji, niko napumuzika kazi.”

“Konji ya myezi tatu?” mama akasema kutoka jikoni. “Ambia mutoto kweli. Balikufukuza kazi.”

 Baba alipuliza chai iliyokwisha kupoa, akainywa polepole, akiwatazama wenzake wakipita na gamela zao za chakula. Muda alikuwa nao. Alipokumbuka kunipa kopo, yalibaki majani tu.