Mmiliki wa Jina la Mtandaoni

Kikundi chetu cha wanawake kinalima mboga karibu na bwawa la Manchira. Mimi nilipewa ukatibu kwa kuwa nilimaliza kidato cha sita. Mnunuzi wa hoteli moja ya watalii alituambia anataka barua pepe yenye jina la kikundi, si ile ya bure, kwa hiyo nikaenda Mugumu kwenye duka la steshenari.

Dada wa pale alisema barua pepe ya namna hiyo huhitaji kwanza jina la mtandaoni, akanieleza masharti yake. Majina ya nchi yetu huishia na tz, na unayaomba kupitia kampuni iliyoidhinishwa kusajili. Kwa kuwa tunauza, tulitakiwa kuchukua la biashara. Herufi, tarakimu na kistari tu ndivyo vinavyoruhusiwa, na kistari hakikai mwanzo wala mwisho. Anayewahi ndiye anayepata. Jina la bwawa peke yake tulikuta limeshachukuliwa, tukaongeza neno mboga. Palipoandikwa "mmiliki" nilijaza jina langu, maana simu na kitambulisho vilikuwa vyangu.

Kwenye kikao, mwenyekiti wetu, mama mjane, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mmiliki ameandikwa nani. Nikasema ni mimi, ila ni utaratibu tu.

"Shamba la marehemu mume wangu nalo liliandikwa jina la shemeji kwa utaratibu tu," alisema. "Leo nalima la kukodi."

Nilikasirika. Niliona ananiita mwizi mbele za watu, nikaondoka bila kuaga vizuri. Kesho yake, nikimwagilia sukuma wiki, nikajiuliza: nikiolewa mbali, au nikifa, kikundi kitamfuata nani? Jioni nikaenda kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nitabadilisha.

"Sijasema wewe ni mwizi, mwanangu," alisema. "Hata shemeji hakuanza akiwa mwizi."

Kampuni ilitaka barua ya kikundi, muhtasari wa kikao na cheti chetu cha usajili. Barua ya kwanza ilirudishwa: kwenye cheti, jina letu lilikuwa limekosewa herufi moja, na hakuna aliyewahi kuliona kosa hilo. Tulikwenda kwanza kwa afisa maendeleo ya jamii kurekebisha cheti, ndipo tukaomba upya.

Uthibitisho ulipokuja niliuchapa, nikausoma kikaoni. Mwenyekiti akauliza tarehe ya kuhuisha, yaani ya kulipia jina upya, akaiandika kwenye daftari lake, kisha tukaingia kwenye ajenda ya mbegu za nyanya.