Aliyeugua kwa Niaba ya Watu

Ulikuwa mwaka wa mafuriko. Hapana, nakosea. Mwaka wa mafuriko binti yangu alikuwa bado anafulia watu nguo mjini, na mvua zile ndizo zilizomkatia kazi. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, tulipogawiwa mabati tukaacha kuishi chini ya maturubai. Siku hizi miaka inanichanganyikia kama kunde na choroko.

Binti yangu ni mtu wa kawaida tu. Mfupi, mpole, mumewe alipotea njiani tulipokuwa tunakimbia. Lugha ya wenyeji aliipatia kwenye beseni la kufulia, akisikiliza wenye nguo wakigombana na waume zao. Akaja mama mmoja, afisa wa ustawi wa jamii, anatafuta mkalimani. Alikuwa anafanya utafiti: sisi wakimbizi tunaumwa nini, tunatibiwa wapi, tunakosa nini. Binti akapata kazi, nasi tukapata kula.

Kazi ile ilikuwa na sharti. Mkalimani asiseme "huyu anasema mguu unamuuma." Aseme "mguu unaniuma," kama vile ndiye mgonjwa, asiongeze wala asipunguze, na uso wake usionyeshe kitu. Kutwa nzima mtoto wa watu anaingia nyumba hii anatoka ile, anaugua kwa niaba ya wengine. Kinyozi, jirani yetu, mtu wa mzaha, akimwona anarudi jioni humwita:

"Mdomo wa Watu, leo umeumwa nini?"

"Asubuhi tezi dume," binti hujibu bila kusimama. "Mchana mimba ya mapacha."

"Pole sana. Na baba wa mapacha ni nani?"

"Huyohuyo wa tezi dume."

Watu hucheka, na mimi nilikuwa nacheka. Ila akishaingia ndani alikuwa anavua viatu, anakaa ukingoni mwa kitanda, anatazama ukuta mpaka chakula kinapoa. Mama yake humfunika kanga mabegani. Siku moja binti aliniambia kwamba akilala, miguu ya yule mzee wa nyumba ya mwisho inamuuma yeye.

Nyumba za kuulizwa zilikuwa zinachaguliwa kwa kura, na kura ikaangukia yetu. Binti akaomba turukwe, maana si vizuri mtu kumtafsiria mzazi wake. Afisa akakubali. Aliyekataa ni mke wangu. Alisema mtaa mzima umeulizwa, mpaka yule bibi kiziwi, sasa yeye tu ndiye hana mwili? Mkalimani mwingine hakuwepo. Afisa naye alikuwa hoi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakaa.

Tulikuwa wanne chumbani, mimi nimekalia ndoo. Yakaulizwa ya maji, ya macho, ya usingizi, na mke wangu akajibu kwa mkato. Kisha akaulizwa kama ana maradhi ambayo hajayatafutia matibabu. Akavuta mtandio wake. Alipoanza kusema alimtazama afisa, hakumtazama binti wala mimi.

"Nina uvimbe kwenye titi. Sasa unatoa maji. Mume wangu sijamwambia. Binti yangu ndiyo kabisa sijamwambia, maana ataacha kazi aniuguze, na kazi hii ndiyo inayotulisha."

Afisa akamgeukia binti, kalamu mkononi. Chumba kizima afisa peke yake ndiye alikuwa hajajua.

Binti alifumbata mikono mapajani, akatafsiri. Mimi lugha ile najua salamu na bei tu, lakini neno lao la "binti yangu" nalijua, na nililisikia likitoka kinywani mwake kwa sauti ileile ya kila nyumba. Alipofika mwisho akamwambia mke wangu, "Swali linalofuata, mama," na hakuna aliyekuwa ameuliza swali.

Afisa aliweka kalamu chini. Alieleza kwa upole kwamba utafiti hauna dawa wala gari, umekuja na maswali tu. Hata hivyo aliandika jina la daktari anayemfahamu. Kesho yake binti aliacha kazi, kama mama yake alivyosema, akampeleka hospitali. Wakamkata titi. Tukarudi kwenye mabeseni ya nguo za watu na kula mlo mmoja. Mke wangu aliishi, si sana, lakini aliishi mpaka akamwona kinyozi anaoa.

Kidonda nilikuwa namsafisha mimi, binti akiwa kibaruani. Asubuhi moja, nikiwa nafunga bendeji, nilimuuliza. Alifumba macho, akaniinulia mkono nipitishe kitambaa kwapani. Binti naye nimemuuliza, baada ya mazishi ya mama yake, akaendelea kukamua shuka. Sikuuliza kwa hasira. Nilitaka kujua tu: yule afisa asingekuja na maswali yake, mke wangu, mimi niliyelala ubavuni kwako ungeniambia lini?