Dirisha la Mama Mafuta

Ukizijumlisha mara zote ambazo Mama Mafuta anaonekana katika filamu ya Bonde la Taa Saba, hazifiki dakika mbili. Damaris alilijua hilo kwa uhakika, kwa kuwa filamu hiyo ameitazama karibu kila alasiri kwa miaka miwili, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Rawdah mjini Jeddah, akikunja nguo sebuleni huku Lina, binti wa miaka tisa wa nyumba hiyo, amejilaza kwenye zulia mbele ya runinga.

Filamu yenyewe inasimulia habari za bonde lisilochomozewa na jua. Binti mmoja shujaa anaondoka kwenda kutafuta taa saba za kuliangazia, na watoto wa kila nchi wanampenda yeye na farasi wake wa moshi. Mama Mafuta hana farasi. Ni mwanamke wa gauni la kahawia anayekaa katika nyumba ya mawe kandokando ya njia, akiwajazia wasafiri mafuta ya taa zao. Msafiri akisitasita mlangoni, humwambia, "Nenda. Mimi nipo." Kisha filamu inamfuata msafiri, naye anabaki.

Kwao Nyamira, nchini Kenya, Damaris alikuwa fundi wa sare za shule, na mikono yake haikuisahau kazi. Madam Muna, mwajiri wake, alipomnunulia magauni mawili ya kazi ya rangi ya kahawia, alifumua kola ya moja akaishona upya kwa mikunjo mitatu, akaongeza mifuko miwili mipana, sawasawa na gauni la Mama Mafuta. Alilivaa mwaka mzima. Hakuna aliyegundua ila Lina, naye alimkonyezea jicho tu.

Hata Kiarabu chake kilitoka humo humo. Wasanii wa filamu huongea Kiarabu cha vitabuni, chenye madaha, nacho ndicho alichojifunza Damaris. "Akiomba chumvi," Amir, mume wa madam, ambaye Damaris alimwita Baba Amir, alikuwa akiwaambia wageni, "utadhani anamhutubia sultani!"

Wala hakuwa shabiki peke yake. Walikuwapo wenzake, wanawake wa Kenya waliofanya mafunzo pamoja Nairobi kabla ya kusafiri, sasa kila mmoja yuko ndani ya nyumba yake ya kazi na watoto wanaotazama filamu ile ile. Walikuwa na kundi lao kwenye simu, wakalipa jina la Wanawake wa Bonde, na humo walitumiana ujumbe wa sauti vyombo vikisikika vikigongana. Jambo lililowashughulisha kuliko yote lilikuwa dirisha. Ukutani mwa nyumba ya Mama Mafuta, nyuma ya mgongo wake, pana dirisha dogo la mbao ambalo halifunguliwi hata mara moja. Je, akilifungua anaona nini?

"Ukuta," alisema Maryann, aliyekuwa akifanya kazi karibu na mtaa wa Sharafiya, humo humo Jeddah. "Nyinyi hamjui madirisha ya jikoni? Ni ukuta na bomba la maji machafu."

"Wee Maryann, acha roho mbaya!" alijibu Risper kutoka Riyadh. "Anaona barabara. Anawaona wale waliokwenda, mpaka waishe kabisa."

Damaris aliposugua masufuria, mara nyingi alijiona amesimama katika nyumba ile ya mawe, mkono juu ya komeo la dirisha, na nje kuna kitu chenye mwanga kinachomngoja.

Ndipo habari zikaja kwamba bustani moja ya burudani ukingoni mwa jiji la Riyadh imejenga Bonde lenyewe: mlima, mto, mnara wa taa saba, na gari la reli linalopaa juu ya yote. Mtandao ukafurika. Vijana waliovaa majoho walijirekodi wakilia langoni. Wengine walilalamika kwamba mlima ni mfupi, na kwamba taa ya tano ni ya kijani wakati inapaswa kuwa ya samawati. Mwanamume mmoja mzima aliubusu mlingoti wa taa. Damaris alitazama video hizo zote akitafuta pembeni, nyuma ya vichwa vya watu, na katika moja aliona ukuta wa mawe na mlango mdogo wazi. Walikuwa wameijenga! Mpiga picha alipita mbio bila kusimama.

"Mimi mnara wake nauona kutoka juu ya paa, nikianika nguo," Risper alisema siku hiyo, sauti yake ikiwa chini. "Dama, aki, huo mnara uko karibu sana halafu ni kama uko mwezini. Hapa sitoki mpaka mkataba uishe."

Kwa hiyo Baba Amir alipotangaza mezani kwamba likizo ya shule watakwenda Riyadh, Bondeni, na Damaris atakuja kumwangalia Ziyad mdogo, kundi zima lilipiga vigelegele. Baadaye Risper alimtumia ujumbe peke yake. "Nitazamie dirisha. Usinipambie. Niambie ukweli."

"Nitakuambia," alisema Damaris, na tangu hapo hakufikiria jambo jingine.

Waliondoka Jeddah baada ya sala ya alfajiri. Gari lilipanda milima ya Taif likateremka upande wa pili, na jangwa likafunguka, rangi moja, saa baada ya saa, hata Damaris asijue kama anaota au anatazama. Ziyad, mwenye miaka miwili, alilala mapajani mwake. Lina alimnong'oneza, "Utaingia kwake?"

"Nikipata nafasi."

"Lazima upate."

Kesho yake, saa nane mchana, walipita langoni pamoja na umati. Muziki wa filamu ulitoka miambani. Ukungu wa mashine ulitambaa chini ukifunika viatu, watu wakawa kama wanaelea. Msichana wa joho jekundu aliketi chini akalia kwa furaha, na mwenzake akampangusa machozi bila kuacha kujirekodi. Foleni ya gari la reli ilikuwa ya saa mbili.

"Damaris, kaa hapa na Ziyad," madam alisema, akionyesha benchi. "Usiende mbali, tafadhali. Watu ni wengi."

Hakwenda mbali. Nyumba ya Mama Mafuta ilikuwa hatua arubaini tu kutoka kwenye benchi. Ziyad alipoanza kulia kwa usingizi, alimfunga mgongoni kwa leso kama anavyofanya nyumbani, na kutembea kukamleta mbele ya mlango ule. Kamba nyekundu ilizuia watu kuingia. Ndani palikuwa kimya: rafu ya mitungi, taa ya shaba mezani, na ukutani, dirisha. Limefungwa. Alisimama pale kama mtu aliyekuta nyumba aliyoiota ikiwa na anwani.

"Uko hapa!" Msichana mmoja wa bustani, kitambulisho kikining'inia shingoni, alimshika kiwiko. Macho yake yalikuwa kwenye kola yenye mikunjo mitatu. "Walituahidi mtu wa nyumba hii tangu juzi. Yalla, yalla, ingia!" Akainua kamba.

Damaris alitaka kusema kweli. Lakini kamba ilikuwa juu, na mlango ulikuwa wazi. Akaingia.

Angekwenda moja kwa moja dirishani, mambo yangekwisha hapo. Bahati mbaya, aliiona taa ya shaba. Kioo chake kilikuwa na vumbi na alama za vidole. Miaka yote ya kazi ilimwinulia mkono. Alivuta kitambaa kutoka mfuko mpana, akapumulia kioo, akakipangusa taratibu, akausogeza na mtungi upande wa kushoto unakopaswa kuwa. Alipoinua macho, mlango ulikuwa umejaa simu.

"Ni yeye!" mtoto alipiga kelele. "Mama Mafuta!"

"Tazama anavyopangusa. Huyo amesomea," alisema kijana wa joho.

"Lakini kwenye filamu hana mtoto mgongoni," mwenzake alibisha.

"Ndiyo maana! Hiyo ni siri ya sehemu ya pili. Wanatudokezea!"

"Sehemu ya pili! Rekodi, rekodi!"

Mtoto aliyepiga kelele alisukumwa mbele, ameshika taa ya plastiki kwa mikono miwili, ghafla ameona haya. Alimnyooshea Damaris taa hiyo. Damaris aliinama, akaigusa taa kana kwamba anaijaza mafuta, kisha kwa Kiarabu kile cha masultani, kwa kuwa hakuwa na kingine, akasema, "Nenda. Mimi nipo."

Umati ulipiga makofi, na foleni ikajipanga yenyewe hadi kwenye daraja.

Alijaza taa nyingi. Kila mtoto alipewa neno lake, na kila alipodhani wamekwisha walikuja wengine. Ukungu uliingia mlangoni, Ziyad alipumua shingoni mwake, na Damaris hakujua tena kama yuko kazini au yuko ndotoni. Alichokijua ni kimoja: dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake, na hakuwa amegeuka. Mfukoni simu ilitetemeka. Ikatetemeka tena. Alijua ni Risper. Akifikiri hivyo alimwelewa Mama Mafuta kwa mara ya kwanza. Huenda dirisha halikufungwa na mtu. Mwenye nyumba hakupata tu nafasi ya kugeuka.

"Damaris!"

Madam Muna alikuwa amepasua umati, uso umempauka. "Benchi tupu! Nimezunguka bonde zima nikimtafuta mwanangu! Unafanya nini humu?"

"Samahani, madam. Nilikuwa karibu, hatua chache tu. Ziyad amelala. Nilikosea, sikukuambia."

Msichana wa bustani alimtazama mmoja, kisha mwingine. "Kwani huyu si wetu?"

"Ni wa kwetu," alisema madam.

"Halas, basi, atoke, tafadhali, kabla bosi wangu hajaja."

Madam alimpakata Ziyad, akamkuta mkavu, mwenye joto, usingizini. Hasira yake ilianza kukosa pa kushika. Baba Amir, nyuma yake, aliumauma midomo asicheke. Damaris alikunja kitambaa. Miguu ilikuwa tayari inaelekea mlangoni, kama ilivyozoea kuitika.

"Mama, bado!" Lina alishika mkono wa mama yake. "Hajatazama dirishani. Amekuja kwa ajili hiyo. Miaka miwili, Mama! Mimi gari la reli nimeshapanda. Yeye bado."

Madam alimtazama binti yake, halafu kola yenye mikunjo mitatu, ambayo ni kana kwamba aliiona siku hiyo hiyo tu.

"Dakika moja," alisema.

Damaris aligeuka. Komeo lilikuwa la kweli. Alilivuta, mbao zikalalamika, na hewa baridi ya alasiri ikampiga usoni.

Hapakuwa na ukuta wala mchoro. Wajenzi, labda kwa kusahau, walikuwa wameliacha dirisha likitazama nje ya bustani. Palikuwa na uwanja wa magari, barabara kuu, na ng'ambo yake mapaa ya Riyadh, bapa, ya rangi ya mchanga, maelfu, yenye matangi ya maji na kamba za nguo, yote yakielea katika mwanga wa dhahabu kama bonde linalopata jua kwa mara ya kwanza.

Alipiga simu. "Risper, panda juu."

"Niko juu, nguo zimekauka. Umeona?"

"Chukua shuka moja upunge."

Alisikia pumzi ya Risper na kitambaa kikipigapiga upepo. Juu ya mapaa yale vitu vingi vyeupe vilikuwa vikicheza. Kimoja, mbali sana karibu na mnara wa msikiti, kilipanda juu ya vingine, kikashuka, kikapanda tena.

"Dama? Si useme. Anaona nini?"

"Anakuona wewe," alisema Damaris.

"Uliahidi kunambia ukweli," alisema Risper.

"Ndio huo."

"Damaris, twende," madam aliita, kwa upole sasa.

Risper alisikia. Alicheka kidogo, na kicheko kilikuwa na maji ndani yake. "Nenda, Dama," alisema. "Mimi nipo."

Damaris alitoka, lakini dirisha aliliacha wazi, upana wa kiganja. Video zilienea kabla hawajafika Taif. Kwa juma zima mashabiki walibishana kuhusu mtoto wa mgongoni, na zaidi kuhusu dirisha ambalo halijapata kufunguliwa: nani amelifungua, na kwa nini. Maryann peke yake alituma video ishirini. Damaris alizisikiliza zote huku akikunja mashuka sebuleni, na Lina, kwenye zulia, alipunguza sauti ya runinga ili naye asikie.