Udi wa Shangazi Mbele ya Mashine

Mwaka wa mwisho wa masomo niliishi kwa shangazi yangu, Alexandria, mji mdogo wa Kimarekani, na kila asubuhi nilipanda treni kwenda maabara ya chuo, mtaa wa Shaw, ng'ambo ya mto. Kazi yetu ilikuwa kuifundisha mashine kunusa. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo, kila kimoja kimepakwa utando wake wa plastiki, na kila utando ulikuwa na ulafi wake: huu hunywa mvuke wa spiriti ukavimba, ule hupenda petroli. Kwa kuangalia upi umevimba na kwa kiasi gani, tulijua ni mvuke wa nini.

Siku moja wafadhili walikuja kuamua kama kazi iendelee. Ikikatwa, na mimi nafunga virago kurudi Unguja bila shahada. Shangazi alilijua hilo. Asubuhi, bila kuniuliza, alikivisha king'ora cha moshi kilichoko darini mfuko wa plastiki kisije kikalia, akatia udi kwenye chetezo, akafukiza suti yangu na mtandio mpaka nikanukia kama bibi harusi. Hofu ilikuwa imenizidi akili, nikavaa, nikaenda.

Mashine ilitakiwa kwanza itulie kwenye hewa tupu. Haikutulia ng'o. Nikiisogelea, mistari kwenye skrini yake inapanda; nikirudi nyuma, inashuka. Wageni wakatazamana. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nikamnong'oneza mwalimu wangu kwamba ni nguo zangu. Mzee yule mkali, ambaye siku nyingine angenifokea kwa kusahau kizibo tu, hakufoka. Aliniomba mtandio, akautia ndani ya chupa, akaifunga, akanipeleka nikasimame mlangoni.

Mashine ikatulia. Ikatambua spiriti, ikatambua petroli. Mwisho akaifungulia chupa ya mtandio, akarudia tena na tena, na kila mara mistari ilipanda kwa mpangilio uleule, usiofanana na mwingine wowote.

"Hii hatukuifundisha," akawaambia wageni, "na bado haiichanganyi na kitu kingine."

Kazi ikaendelea. Mpaka leo namwombea dua mzee yule.

Jioni nilimsimulia shangazi, nikidhani atacheka. Aliendelea kukunja kanga zake, kisha akasema, "Mwanangu, mie sikukufukiza unukie tu. Nilitaka watu wale wakikuona wajue una kwenu."

Nikaishika ncha ya pili ya kanga.

"Walijua, shangazi," nikamwambia. "Hata mashine ilijua."

Akapanda juu ya kiti, akakivua king'ora mfuko wake.